Kuchagua programu ya kuchambua hisa na kujaribu mkakati ukiwa Kampala

Watu huuliza, "Programu gani ni nzuri?" nami hujibu kwa maswali mawili: unanunua hisa za soko gani, na bei zake za nyuma utazitoa wapi? Wengi hawapendi jibu hilo, maana walitaka kutajiwa jina moja walipakue jioni hiyohiyo. Lakini sehemu kubwa ya programu hizi zilitengenezwa kwa masoko ya Marekani na Ulaya, ambako hisa ya kampuni moja hununuliwa na kuuzwa maelfu ya mara kabla ya saa ya chai. Soko letu, Uganda Securities Exchange pale Nakawa, halina mwendo huo. Zipo hisa zinazomaliza siku kadhaa bila mnunuzi na muuzaji kukubaliana hata mara moja. Programu isiyojua jambo hilo itakuchorea chati ya kupendeza na kukuhesabia faida ambayo hakuna mtu hapa mjini angeweza kuitia mfukoni.

Basi twende kwa utaratibu. Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye tayari ana akaunti ya SCD (akaunti inayohifadhi hisa zako), anajua dalali wake ni nani, na sasa anataka kupima wazo lake kabla ya kulitilia pesa.

Hatua ya kwanza: jua uko soko gani

Hisa za kampuni za hapahapa ni kama MTN Uganda, iliyoingia sokoni Desemba 2021 kwa bei ya toleo ya shilingi 200, Airtel Uganda iliyofuata Novemba 2023 kwa shilingi 100, Stanbic, DFCU, Bank of Baroda, New Vision na Uganda Clays. Hizi bei yake hupatikana Kampala tu.

Kuna kundi la pili: kampuni za Kenya zilizoorodheshwa hapa pia, kama Equity, KCB na EABL. Kwa hizi usihangaike na bei za Kampala. Biashara yake halisi iko Nairobi, kwa shilingi ya Kenya, na huko ndiko kwenye historia ndefu. Chukua bei za Nairobi, kisha ongeza safu ya kiwango cha kubadilisha fedha, la sivyo utapima faida ya hisa na faida ya shilingi ya Kenya ukidhani ni kitu kimoja.

Kundi la tatu ni hisa za ng'ambo kupitia programu za simu. Hapo angalia kama unanunua hisa yenyewe au mkataba wa CFD, yaani unacheza na kupanda na kushuka kwa bei bila kumiliki chochote. Mwenye CFD haingii kwenye daftari la wanahisa wala hapigi kura kwenye mkutano mkuu. Tena CFD nyingi huuzwa kwa mkopo wa dalali, na bei ikikugeuka kidogo tu akaunti hukauka.

Hatua ya pili: data, kabla ya programu yoyote

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko popote.

Soko la Uganda hutoa ripoti ya kila siku yenye bei ya kufunga na idadi ya hisa zilizouzwa. Ripoti hizo ni za kusomwa na binadamu, si za kulishwa kwenye kompyuta, kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutengeneza faili lako la CSV, yaani jedwali sahili ambalo programu nyingi husoma: tarehe, bei ya kufungua, ya juu, ya chini, ya kufunga, na kiasi (idadi ya hisa zilizouzwa). Muulize pia dalali wako. Madalali wengine huwa na Excel ya miaka mingi na humpa mteja akiiomba vizuri.

Usiamini jina unaloliona kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukiandika MTN kwenye tovuti ya chati, itakuletea MTN Group ya Johannesburg. Hisa ya hapa ni MTNU. Ukiandika Airtel utaletewa Airtel Africa ya London au Lagos, ambayo ni mzazi tu. Stanbic ni mtego mkubwa zaidi kwa sababu ipo Stanbic ya Kenya, ipo Standard Bank ya Afrika Kusini, na ya kwetu ni SBU. Nimeona mtu akichambua kwa makini kabisa kampuni ambayo hana hata hisa yake moja.

Ukishapata bei, kagua mambo matatu.

Kwanza, mgawanyo wa hisa, yaani hisa moja kugeuka kuwa kadhaa. Stanbic ilipoingia sokoni 2007, hisa iliuzwa shilingi 70 na kampuni ilikuwa na hisa zipatazo bilioni 5.1. Leo ina zaidi ya bilioni 51. Aliyekuwa na hisa moja wakati ule akaishikilia, sasa ana kumi. Programu ikisoma bei ghafi bila kurekebisha, itaona hisa imeporomoka na itakwambia mkakati wa kushikilia muda mrefu ni wa hasara, wakati mwenye hisa hakupoteza kitu. Tafuta programu inayokuruhusu kurekebisha bei za nyuma, au zirekebishe mwenyewe kwenye faili.

Pili, gawio. Kampuni kama MTN na Stanbic hulipa gawio, na sehemu nzuri ya mapato ya mwekezaji wa hapa hutoka huko. Bei kwa kawaida hushuka kidogo siku ambayo mnunuzi mpya hana tena haki ya gawio lililotangazwa, na programu itadhani ni dalili mbaya. Weka safu ya gawio, ukitoa kodi ya zuio ambayo kwa mtu binafsi mkazi, kwa kampuni iliyoorodheshwa sokoni, ni asilimia 10.

Tatu, mapengo. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa Nairobi Julai 2020 zikarudi Januari 2025. Programu nyingi hujaza pengo kwa kurudia bei ya mwisho. Ukiona mstari ulionyooka kwa miaka minne, chombo chako kinaweza kuusoma kama hisa tulivu isiyo na hatari, kumbe mwenye hisa alikuwa amefungiwa mlango.

Na kuna jambo ambalo halikai kwenye faili lolote la bei. Kampuni iitwayo Umeme iliendesha usambazaji wa umeme Uganda kwa mkataba wa miaka 20 ulioanza 2005, ukaisha 31 Machi 2025. Mtu aliyejaribu mkakati wake kwa bei za Umeme za miaka kumi iliyopita alikuwa anajifunza kutoka kwa biashara yenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye karatasi. Chati haisomi mikataba. Soma mwenyewe.

Hatua ya tatu: andika mkakati kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa lugha ya kompyuta

Chukua karatasi. Andika nitanunua lini, nitauza lini, kwa pesa kiasi gani, na nitafanya nini agizo lisipojibiwa. Sentensi hiyo ya mwisho wengi huiruka. New York agizo hujibiwa kabla hujapepesa jicho. Kampala unaweza kutaka kununua kwa shilingi 50 na muuzaji pekee aliyepo anataka 52, basi umeshapoteza asilimia 4 kabla ya kuanza, au unasubiri hadi wiki ijayo.

Mkakati usioweza kuuandika kwa mistari minne huwezi kuujaribu kwa programu yoyote, hata ya bei ghali.

Hatua ya nne: vyombo vyenyewe

Excel au LibreOffice Calc. Mtu anayeanza na hisa za Uganda peke yake, ninamshauri abaki hapa miezi ya mwanzo. Kampuni za ndani ni chache, bei ni moja kwa siku, na fomula unaziona zote kwa macho. Wastani wa siku 50 ni fomula moja tu. LibreOffice ni bure na inafanya kazi bila intaneti.

TradingView. Kwa chati sijaona ya kuizidi kwa urahisi, na toleo la bure linatosha kujifunza. Inafunguka kwenye kivinjari na kwenye simu. Ina lugha yake, Pine Script, ya kuandika mkakati na kuupima kwa bei za nyuma. Tatizo ni kwamba unategemea data yao, na kuingiza faili lako mwenyewe si jambo jepesi. Itumie kwa hisa za nje na kwa kujifunza, na kwa Uganda hakikisha kwanza hisa yako imo. Jambo jingine: kwenye sehemu ya kupima mkakati, ada na tofauti kati ya bei uliyotaka na uliyopata huanza na sifuri hadi uziweke mwenyewe. Ndiyo maana picha nyingi za faida zinazotembezwa kwenye WhatsApp zinapendeza hivyo.

MetaTrader 4 na 5. Hizi ndizo vijana wengi wanazo kwenye simu, kwa sababu ya biashara ya fedha za kigeni. Kipima mkakati cha MetaTrader 5 ni kizuri, na kwenye kompyuta unaweza hata kutengeneza alama ya hisa yako (symbol) na kuingiza bei zako. Lakini haijaunganishwa na mtambo wa soko letu, na imejengwa kwa ajili ya bei zinazobadilika kila sekunde. Kuitumia kuchambua Uganda Clays ni kubeba gunia moja la mkaa kwa trela.

AmiBroker. Programu ya Windows, ya zamani, sura yake haivutii, lakini ina kasi sana na inasoma faili la CSV bila malalamiko. Unanunua leseni, hulipi kila mwezi. Ina lugha yake iitwayo AFL, fupi na ya moja kwa moja, na inakuruhusu kuweka masharti kama "usinunue siku ambayo kiasi ni sifuri". Mtu aliyezidiwa na Excel na asiyetaka kuwa mtengeneza programu, ningempeleka hapa.

Python, lugha ya kuandika programu, pamoja na maktaba zake (vifurushi vya kazi zilizokwisha kuandikwa) kama pandas na backtrader. Ni bure, na unafanya lolote unalotaka. Ukiwa na kompyuta dhaifu, Google Colab hukupa kompyuta ya kuazima ndani ya kivinjari. Gharama yake ni muda wako, na makosa ni yako mwenyewe, maana hakuna wa kukuzuia kuandika upuuzi. QuantConnect, tovuti ya kupima mikakati, pia ipo, imara, lakini manufaa yake makubwa ni kwa masoko makubwa.

Jambo moja usililipie: uwezo wa programu kutuma maagizo yenyewe. Hapa agizo la hisa hupitia kwa dalali mwenye leseni, iwe umempigia simu, umemwandikia, au umetumia Easy Portal ya soko. Roboti inayonunua saa nane za usiku haina kazi Nakawa.

Hatua ya tano: faili la mtego

Kabla ya kuiamini programu yoyote, ilishe faili dogo ambalo jibu lake unalijua. Ninatumia hili, bei ni za kubuni na kila siku bei ni moja tu, ya kufungua na ya kufunga ni ileile:

Jumatatu 100, kiasi 5,000
Jumanne 105, kiasi 8,000
Jumatano 105, kiasi 0
Alhamisi 108, kiasi 12,000
Ijumaa 112, kiasi 4,000
Jumatatu ya pili 110, kiasi 6,000

Kanuni: hisa ikipanda asilimia 4 au zaidi kwa siku moja, nunua siku inayofuata, uza baada ya siku mbili za soko.

Ishara inatokea Jumanne soko likifunga, kwa kuwa bei imepanda asilimia 5. Programu ya kawaida itanunua Jumatano kwa 105 na kuuza Ijumaa kwa 112, faida karibu asilimia 6.7. Lakini Jumatano hakuna hisa hata moja iliyouzwa! Hiyo 105 ni bei ya jana iliyorudiwa. Kwa kweli ungefanikiwa kununua Alhamisi kwa 108, na siku zako mbili zingeishia Jumatatu kwa 110. Sasa tuseme ada zote ni asilimia 2 kwenye kununua na asilimia 2 kwenye kuuza. Umelipa 110.16, umepokea 107.80. Hasara ya zaidi ya asilimia 2.

Mkakati uleule, bei zilezile, na majibu mawili yanayopingana. Programu itakayokupa jibu la pili baada ya kuiwekea masharti, hiyo inakufaa. Isiyokubali kabisa kusoma safu ya kiasi, iache, hata kama chati zake zina rangi nzuri namna gani. Na kama imenunua Jumanne yenyewe, siku ya ishara, ujue inatumia bei ya kufunga kuamua na kununua kwa bei hiyohiyo, jambo ambalo wewe usingeliweza kwa sababu soko lilikuwa limeshafungwa.

Hatua ya sita: ada

Muulize dalali akuandikie ada zote: yake, ya soko, ya mamlaka, ya hifadhi ya hisa. Weka jumla hiyo kwenye programu. Kwa mfano wetu wa asilimia 2 kila upande, mkakati unaoingia na kutoka mara moja kila mwezi unahitaji faida ya zaidi ya asilimia 48 kwa mwaka ili tu usipoteze. Kwa hesabu hiyo mikakati mingi ya kuingia na kutoka haraka inajifia yenyewe, na hutahitaji programu kukwambia hivyo.

Hatua ya saba: viashiria na idadi ya majaribio

RSI ya siku 14, kiashiria kinachopima nguvu ya kupanda na kushuka kwa bei, ni maarufu sana. Sasa fikiria hisa ambayo katika siku 14 haikuuzwa siku sita. Siku hizo sita mabadiliko ni sifuri, na RSI inapima ukimya. Kwa hisa za namna hiyo tumia bei za wiki badala ya za siku, au hesabu siku zile tu ambazo kulikuwa na mauzo. Programu nzuri inakuwezesha kubadili kutoka siku kwenda wiki kwa kubonyeza mara moja.

Kuna pia suala la historia fupi. Airtel Uganda ipo sokoni tangu mwisho wa 2023. Mwaka wa soko una siku kama 250. Mkakati wa wastani wa siku 50 kukatisha wastani wa siku 200 utatoa ishara za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na huwezi kusema lolote la maana kwa ishara tatu. Ukitaka kujaribu wazo kwenye kampuni ya simu ya Afrika Mashariki, tumia Safaricom, iliyoingia soko la Nairobi mwaka 2008. Tunga kanuni zako kwa bei za nusu ya kwanza, kisha funga faili, usibadilishe hata tarakimu moja, na uzipime kwenye nusu ya pili. Ukirudi kurekebisha baada ya kuona majibu ya nusu ya pili, basi nusu hiyo imeshaharibika na huna tena kitu cha kupimia.

Matokeo yakitoka, usianze na faida. Angalia kwanza anguko kubwa kuliko yote kutoka kilele hadi bondeni, na lilichukua miezi mingapi kurudi. Kisha linganisha. Kwa hisa za ndani kipimo kinachofaa ni fahirisi (namba inayoonyesha mwendo wa bei za hisa nyingi kwa pamoja) ya kampuni za ndani, LCI, kwa sababu ile ya jumla, ALSI, hubeba kampuni za Kenya ndani yake na huyumbishwa na bei za Nairobi. Kipimo kikali zaidi ni hati fungani za serikali zinazouzwa na Bank of Uganda. Riba yake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 20, au 10 kwa zile za miaka 10 na kuendelea. Toa kodi, kisha jiulize kama mkakati wako unazishinda kwa kiasi cha kutosha kulipia usumbufu wake. Mara nyingi hauzishindi, na hapo umeokoa bei ya programu.

Wauzaji wa roboti

Mtu akikuuzia programu pamoja na ahadi ya faida ya kila wiki, huyo hauzi programu. Capital Markets Authority, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, ina orodha ya waliopewa leseni, na kuitazama ni kazi ya dakika chache. Usimpe mtu nenosiri la akaunti yako eti akuwekee mipangilio. Na usiweke programu iliyovunjwa leseni uliyopewa kwenye flashi. Utakuwa unaandika siri za pesa zako kwenye kompyuta iliyofunguliwa mlango na mtu usiyemjua.

Kabla ya kulipa

Angalia kompyuta yako: AmiBroker inataka Windows, na wenye Mac watahangaika. Angalia bando: chati zinazojisasisha kila sekunde hula data mchana kutwa, na kwa soko letu bei ya jioni inatosha kabisa. Programu inayofanya kazi bila intaneti ina thamani ya pekee siku umeme ukikatika na ruta ikazima.

Malipo mengi ni kwa dola, kwa kadi. Hesabu kwa shilingi, pamoja na makato ya benki, kwa mwaka mzima, kisha gawanya kwa pesa uliyonayo sokoni. Mwenye hisa za milioni 2 akilipa laki 6 kwa mwaka kwa ajili ya programu, anahitaji faida ya asilimia 30 kuirudisha tu. Huyo abaki na Excel. Jaribu toleo la bure kwanza, jaribu faili la mtego, hakikisha unaweza kuitoa data yako kwa CSV siku ukihama. Ukiamua kulipia, anza na mwezi mmoja badala ya mwaka, na siku hiyohiyo uingie kwenye mipangilio uzime malipo ya kujirudia.